Nilivyokaa Ndola Bila Kuondoka Lubumbashi

Mwaka juzi niliamua kuizunguka Zambia polepole. Sikuwa na kazi kule, wala mchumba, wala mzigo wa kupeleka au kuleta, na hilo ndilo lililowatatiza watu wa kwetu. Hapa Lubumbashi, mtu akivuka mpaka pale Kasumbalesa anafuata kitu: unga, friji, vipuri vya gari, vifaranga. Mtu anayevuka ili atazame tu, kisha ahamie mji unaofuata akatazame tena, ama ni mzungu ama anamkimbia mke. Mimi sikuwa hata na mke wa kumkimbia.

Wazo lilitoka kwenye atlasi. Ninauza vitabu vya mtumba katikati ya mji, kando ya ukuta unaotazamana na benki. Ninatandika turubai, ninapanga vitabu, halafu ninavisoma mwenyewe mpaka wateja wanaona haya kunikatiza. Atlasi ilikuja ndani ya katoni kutoka nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu. Haikuwa na jalada. Mchwa walikuwa wameila Asia yote na kuiacha Afrika, nami nikaona kwamba hiyo ni ishara. Miji ya Zambia ilikuwa bado na majina ya zamani ya Waingereza, lakini sikujali. Mji haukimbii kwa sababu umebadilishiwa jina.

Nikanunua daftari. Humo niliandika kanuni zangu: sitakaa chini ya juma moja katika mji wowote, sitauliza njia ya mkato, na mahali nitakapopapenda nitabaki mpaka panichoke. Nilichora mito. Niliandika ni stesheni gani nitakunywa chai na upande gani wa barabara nitakaa ili jua lisinipige usoni. Jirani yangu wa ukutani, kijana wa miaka thelathini hivi anayeuza kufuli na vifuniko vya simu, alilichukua daftari siku moja akalipekua.

"Mukubwa," aliniambia, "ulisema kule utaenda bila programu."

"Ndiyo. Ndiyo maana ya safari yenyewe."

"Sasa hii ni nini?"

"Ni maelezo ya namna ya kwenda bila programu."

"Iko na kurasa ngapi?"

"Arobaini."

Alicheka mpaka kufuli zikalia kwenye waya alikozitundika.

Lazima nieleze kwa nini nilianza safari hiyo kwa mkia, maana kila kilichotokea kilitoka hapo. Shule niliiacha nikiwa mwaka wa pili wa sekondari, katikati ya somo la jiografia. Mwalimu alisema kwamba kutoka Lubumbashi mpaka ziwa Mweru, kule Kilwa, ni safari ya siku moja kwa lori. Nikajiuliza: siku moja tu, na sisi tumekaa hapa tunalichora ubaoni? Wakati wa mapumziko nilitoka nikaenda kulitazama. Barabara ile haikuwa imesoma jiografia. Tulitumia siku nne, mbili kati ya hizo tukiwa tumelala chini ya lori matopeni. Nilipofika nilibaki miezi saba, nikipakia samaki kwenye mitumbwi na kuwauliza wavuvi maswali mpaka wakanipa jina la utani lisiloandikika. Sikuwa nimemuaga mtu. Niliporudi, mama hakunipiga. Aliniambia tu kwamba kwa muda wa miezi saba alikuwa akipika sahani yangu ya bukari, yaani ugali, kila jioni, na kila asubuhi anawapa kuku. "Siku ingine," alisema, "uende hata mwezini. Lakini uage."

Basi safari hii niliapa kuaga kwanza. Ndilo kosa langu. Mtu mwingine angetafuta pasipoti kwanza; mimi nilitafuta msamaha wa miaka thelathini.

Kwetu kuaga si kusema kwaheri mlangoni. Familia yetu ni ya Kiluba kutoka kaskazini mwa Katanga. Babu alishuka huku kufanya kazi ya reli, akaja na ukatoliki wake, na akaja pia na desturi zake, na vitu hivyo viwili havijawahi kugombana nyumbani kwetu. Msafiri huanza kwa wadogo na kupanda mpaka kwa wakubwa. Kila nyumba unakaa, unakula, unaeleza unakwenda wapi, unapewa shauri lisilohusiana na safari. Mwisho kabisa unafika kwa aliyekuzaa. Yeye anachukua pemba, yaani ule udongo mweupe, anailowesha kwa maji ya baraka kutoka kanisani, anakuchora msalaba kwenye paji la uso. Ukishapakwa pemba wewe ni mtu wa njia. Unatoka bila kugeuka. Ukisahau kiatu, unakwenda na kimoja. Kurudi baada ya pemba ni aibu ambayo watu huihadithia kwenye harusi.

Niliaga kwa juma zima. Sijawahi kupendwa hivyo. Binamu ambao kwa kawaida wakiniona wanavuka barabara walinichinjia kuku. Nilikuwa na kofia mpya na begi la mgongoni, na kila nyumba nilifungua daftari nikawaonyesha mito.

Kule Katuba, nyumbani kwa mama, yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa anayekaa naye, alinipokea mlangoni kwa mikono kiunoni.

"Njo huyu mutalii," alisema, yaani ndiye huyu. "Karibu, mutalii. Kofia iko naenda peke yake ao na weye utaifuata?"

Mama alikuwa kwenye kiti chake cha chini, miguu ameinyoosha. Magoti yake hayamruhusu tena kwenda mbali zaidi ya parokia. Alisikiliza kanuni zangu zote, mito na stesheni. Nilipomaliza, alitoa kitambaa kifuani, akakifungua. Ndani yake mlikuwa na donge la pemba kubwa kama yai, lile ambalo babu alikuja nalo kutoka kaskazini. Sisi watoto tuliliona mara chache sana. Akaligonga kwenye ukingo wa kinu, likakatika vipande viwili. Kimoja alikifunga tena. Cha pili alinipa mkononi.

"Kutembea kwako sitakukataza," alisema. "Lakini uanze na Kabwe."

Kabwe ndiko anakokaa dada yake mkubwa. Aliolewa kule na mfanyakazi wa reli, zamani, na tangu mumewe alipozikwa hawajaonana. Magoti ya huku na moyo dhaifu wa kule. Wanazungumza kwa simu siku za Jumapili baada ya misa.

"Kwa simu iko nasema 'niko muzuri, niko muzuri'," mama aliendelea. "Sauti tu. Siku hizi mara ingine ananiuliza mimi ni nani. Nakataa kuamini sauti. Uende umwangalie na macho. Umpake hii pemba weye mwenyewe. Na umwangalie akicheka."

"Akicheka namna gani, mama?"

"Alivunjika jino la mbele tukiwa watoto kambini kwa reli, alianguka kwenye behewa. Toka pale akicheka anafunika mudomo na mukono. Hata siku ya ndoa yake. Kama angali anafunika, basi angali yeye. Kama iko nacheka mudomo wazi…" Hakumaliza. "Unambie tu ukweli."

Nikamuuliza alianguka vipi kutoka kwenye behewa. Mama akatazama kinu. Yaya, aliyekuwa na la kusema juu ya kila kitu, naye alitazama kinu. Nikaelewa kwamba mtu hakuanguka. Mtu alisukumwa, na aliyemsukuma alikuwa mbele yangu na kidole chenye pemba.

Akanichora msalaba. Nikatoka bila kugeuka. Nilikuwa na furaha kubwa na machozi kidogo, na sikuwa na pasipoti.

Kusema kweli niliamini pasipoti ni jambo la siku chache. Nilikwenda kwenye dirisha la pasipoti na karatasi zangu zote ndani ya bahasha. Mama mmoja mwenye miwani alizitandaza mbele yake kama mtu anayepanga karata.

"Papa, ulizaliwa wapi?"

"Hapa hapa Lubumbashi."

"Na huyu aliyezaliwa Kilwa ni nani?"

"Ni mimi."

"Na huyu wa karibu na Kinsevere?"

"Huyo pia ni mimi."

Alivua miwani. Nilimweleza. Nilipokuwa Kilwa siku za kuandikishwa kadi ya mpiga kura, kulikuwa na mstari wa wazaliwa na mstari wa wageni, na ule wa wazaliwa ulikuwa mfupi, basi nikazaliwa pale. Baadaye nilitafuta kazi ya jikoni kwa mkandarasi mmoja karibu na machimbo ya shaba ya Kinsevere. Pale kila mtu anajua kwamba watoto wa vijiji vya jirani ndio wanaochukuliwa kwanza, na ni haki yao, ardhi ni yao. Nikazaliwa kwenye kijiji cha jirani. Kadi ya kazi ikatoka hivyo. Ukimtafuta Mlushi, yaani mtu wa Lubumbashi, aliyetangatanga ambaye hajazaliwa mara ya pili kwa ajili ya kazi, utatafuta sana. Lakini mimi kila mara nilikuwa nimebadilisha na mwaka pia, ili nionekane mbichi zaidi. Kwa karatasi zile, mtu wa Kinsevere angeweza kuwa mdogo wa kufuatana wa mtu wa Kilwa.

"Papa," alisema yule mama, na sauti yake haikuwa mbaya, "serikali haiwezi kumpa pasipoti familia nzima. Uniletee mzazi wako. Kama hayupo, wazee wawili wa ukoo. Waseme weye ni yupi."

Mzazi wangu! Mzazi aliyenipaka pemba siku mbili zilizopita na kujua kwamba niko njiani.

Hapo mtu mwenye akili angerudi Katuba siku ileile, akala aibu yake ikiwa bado ndogo. Mimi nilikwenda kujificha. Nina chumba katika mtaa wetu unaoitwa Kenya, na msomaji wa Nairobi asishtuke, ni mtaa wa Lubumbashi tangu enzi za babu zetu. Nikajifungia humo. Vitabu nilimwachia muuza kufuli, kwa sababu katikati ya mji binamu hupita kila saa. Nilitoka kwa njia za nyuma tu, kofia mpya imenifunika mpaka puani. Nilikuwa nimepanga kuiona nchi ya kigeni polepole, na sasa nilikuwa ninauona uwanja wa jirani polepole: kamba ya nguo, ndoo, bata watatu. Mwisho wa juma la pili niliwajua wale bata kuliko nilivyowajua shangazi zangu.

Mama akapiga simu.

"Umefika wapi?"

Na mdomo wangu, mdomo uliozaliwa mara tatu, ukajibu kabla sijauuliza: "Ndola, mama. Napumzika kidogo."

"Kuko namna gani?"

Nikafungua daftari. Nikamweleza Ndola kwa ufasaha ambao ungewaliza wenyeji wake. Barabara pana, miti, stesheni ya reli. Nikiwa kwenye kipengele cha miti, mama mmoja akapita dirishani kwangu akiwa na beseni kichwani, akipaza sauti: "Vitumbula! Vitumbula vya moto!"

Ikaja sauti ya yaya, ambaye kumbe alikuwa ametega sikio.

"Kumbe na Ndola banauza vitumbula kwa Kiswahili?"

"Kuna… kuna watu wengi wa kwetu huku."

"Ah bon. Ubasalimie."

Nilijaribu kupata wazee wawili wa ukoo wa kukodi. Muuza kufuli alijitolea kuwa mjomba wangu. Alivaa koti la baba yake, akapaka unga kidogo kwenye ndevu, tukaenda dirishani. Yule mama mwenye miwani alimtazama kwa muda mrefu.

"Weye ni mjomba wake?"

"Njo mimi, mama. Mimi nilimubeba huyu akiwa mutoto."

"Ulimbeba wapi?"

Muuza kufuli alinigeukia. "Mukubwa, nilikubeba wapi?"

Tulitoka kabla hatujaombwa. Njiani, ili kunifariji, aliniambia habari njema: biashara ya vitabu ilikuwa inakwenda vizuri kuliko nikiwepo mimi, na hata ile atlasi isiyo na jalada ilikuwa imepata mtu, mwalimu wa kike aliyefurahi sana. "Hakujali Asia," alisema. Nilitaka kumkasirikia, nikakosa pa kuanzia. Atlasi ilikuwa imeondoka Lubumbashi kabla yangu. Yule mwalimu anafundisha Likasi.

Kwa hiyo mama alipopiga tena sikuwa na ramani. Nilikuwa nimekaa kitandani, miezi ya baridi imekwisha, joto la kwanza limeingia, na mijakaranda ya mjini imeanza kuangusha maua ambayo nilikuwa sijayaona kwa sababu ya kujificha.

"Ungali Ndola?"

"Ningali, mama. Unajua niliamua kwenda polepole."

"Najua," alisema. "Nilimwambia yaya yangu wa Kabwe kama uko njiani. Nilifikiri atasahau. Kila kitu anasahau. Hii hakusahau. Mukwe wake ananiambia kila siku alasiri anaomba kiti nje, karibu na barabara. Bakimuuliza anangojea nani, anasema mutoto wa mudogo wangu, iko nakuja na pemba. Anakaa mpaka jua linaingia. Halafu banamurudisha." Nikasikia anavuta pumzi. "Sikusukumi. Tembea yako. Lakini kama Ndola imekutosha…"

Nilisema ndiyo mama, nikakata. Nilikaa nikiwaangalia bata. Miezi mitatu nilikuwa nimejiona mtu wa kuchekesha: msafiri asiyesafiri, kichekesho kizuri, siku moja ningekiandika. Sikuwa nimefikiri kwamba kule ng'ambo kuna kiti kinachotolewa nje kila siku na kurudishwa ndani kila siku. Kama ile sahani ya bukari. Nilikuwa nimeaga safari hii, nikaaga vizuri kuliko mtu yeyote katika ukoo, na bado nilikuwa nimemfanyia mtu jambo lilelile.

Nikavaa kofia, kisha nikaivua, nikaiacha. Nilikwenda Katuba kwa miguu, barabara kubwa, katikati ya mchana, ili kila binamu aone.

Yaya alikuwa anaanua nguo. Hakushangaa hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi ya kelele.

"Mama!" aliita. "Ndola imefika!"

Mama alinitazama kutoka kwenye kiti chake. Sikupata tusi. Aliinuka, kwa shida, akanivutia kiti cha wageni, akanipa maji kwenye kikombe cha wageni. Ndivyo anavyopokewa mtu anayetoka safari: anakaa, anakunywa, kisha anatoa habari za njia, na hakuna anayemkatiza. Alikuwa ananipokea kwa heshima zote za msafiri. Sijui kama alikusudia iwe adhabu. Ningependelea mwiko wa bukari kichwani.

"Leta habari," alisema.

Nikaleta. Nilitembea kutoka hapa mpaka dirisha la pasipoti, nikarudi mpaka Kenya. Niliona bata watatu. Nilizaliwa Kilwa na nilizaliwa Kinsevere. Nilikuwa na mjomba aliyepakwa unga. Ndola sijaiona. Pemba hii hapa. Nikaiweka juu ya meza, bado kwenye karatasi niliyoifungia, na habari ikaishia hapo.

Yaya alikuwa amegeuza uso ukutani, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka; "mjomba" ndiye aliyemshinda.

Mama hakucheka. Alimwambia yaya alete sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Akapekua taratibu: picha za ndoa, risiti za karo ya shule niliyoikimbia, rozari zilizokatika. Akatoa karatasi ya ubatizo, ya rangi ya chai, yenye muhuri wa parokia. Jina langu, jina lake, tarehe, mahali. Lubumbashi. Mara moja tu.

"Ilikuwa hapa muda wote?" niliuliza.

"Ingeenda wapi? Haina miguu. Ungeniuliza."

Kurasa arobaini za daftari, na katika hizo zote sikuwa nimeandika: muulize mama.

Siku ya pili yake alivaa kitenge cha Jumapili, tukamwingiza kwenye teksi, mimi upande huu na yaya upande ule, na ngazi za ile ofisi alizipanda moja moja, akipumzika kila baada ya mbili. Yule mama mwenye miwani alituona kwa mbali. Nadhani alikuwa ananisubiri mimi kuliko alivyosubiri mshahara.

"Mama, kati ya hawa wanaume watatu," alimuuliza, akizipanga karatasi zangu, "wako ni yupi?"

Mama alizitazama moja moja bila haraka. "Wote wabaya," alisema. "Lakini niliyemzaa ni huyu aliyesimama. Nilimzaa hapa Lubumbashi, siku ya mvua, na tangu siku ile hajakaa kitako. Muandikie karatasi yake aende. Kuko muntu anamungojea."

Karatasi ilichukua majuma mengine kadhaa, lakini niliyangoja Katuba, kwenye kiti cha wageni, nikipikiwa na kuchekwa. Siku ya kuondoka nilipiga magoti kwa pemba ya pili. Mama alikataa.

"Ya kwanza haijafanya kazi," alisema. "Iko bado. Enda." Kisha akaongeza neno ambalo sikuwahi kulisikia kwake: "Enda mbio."

Nikaenda mbio. Kasumbalesa, askari wa forodha alifungua ile karatasi, akatazama kipande cheupe, akanitazama mimi. Nikamwambia ni pemba ya mama mkubwa. Akakinusa, akakifunga tena vizuri kuliko alivyokikuta, akasema hata kwao wanayo. Chililabombwe niliipita nimesimama. Kitwe niliiona kupitia kwapa la abiria mwenzangu. Na Ndola, Ndola yangu niliyoishi miezi mitatu, Ndola ya miti na barabara pana, niliipita nimelala, mdomo wazi, kichwa kwenye begi. Nilizinduka tumeshaiacha. Kanuni zote za daftari nilizivunja kabla ya machweo ya siku ya pili.

Kabwe, kiti kilikuwa nje.

Alikuwa mdogo kuliko nilivyotegemea, amejifunga kitenge mpaka kifuani, mikono mapajani. Nilimsalimu. Alinijibu kwa Kibemba, "Mwaiseni," karibu, kama anavyomwambia mpita njia yeyote, kisha akaniuliza kama nimekuja kutengeneza bati la jikoni. Nikachuchumaa mbele yake, nikafungua karatasi, nikalowesha kidole kwa maji ya chupa yangu. Mkwe wake alisimama mlangoni. Nilipomchora, alifumba macho. Alivuta harufu ya ule udongo mara mbili, tatu.

"Ya baba," alisema kwa Kiswahili. Akafumbua macho. "Mudogo wangu iko wapi?"

"Magoti, mama mukubwa. Amenituma mimi."

"Umekawia."

"Nilikuwa Ndola," nilisema, kwa sababu ulimi wangu una mazoea yake. Na nilipojisikia, ikabidi nieleze. Nikamweleza. Alikuwa ananisikiliza nusu, naona, maneno mengine yanapita pembeni, mpaka nilipofika kwa mama wa vitumbula. Hapo akacheka, na mkono ukapanda mdomoni upesi kama wa msichana.

Nikampigia mama papo hapo.

"Mama, anafunika mdomo."

Mama akauliza: "Na mukono gani?"

Sikuwa nimeangalia. Zamani ningejibu tu, nusu ya majibu yangu yote duniani yalipatikana hivyo. Safari hii nilisema, "Ngoja, mama." Nikaweka simu juu ya mapaja ya mama mkubwa, nikaanza upya, nikamweleza habari za mjomba mwenye unga ndevuni aliyeniuliza mbele ya serikali alinibeba wapi. Niliigiza na lile koti. Alicheka mpaka kiti kikalia, mkono juu, na nilitazama kama nilivyopaswa kukitazama kila kitu katika maisha yangu.

"Wa kushoto, mama."

Nyuma ya simu nikamsikia yaya: "Anadanganya. Hata mimi ningesema kushoto."

"Nyamaza," mama akamwambia. "Niko namusikia. Njo yeye."